Kupandikiziwa seli shina ukiwa na limfoma: maswali tunayoulizwa sana hapa Nairobi

Nimemuuguza mdogo wangu wa kiume alipopata limfoma (saratani ya chembe za kinga, ambayo huvimbisha tezi) ya aina ya Hodgkin, ikapona, ikarudi. Nilikuwa naye tangu uvimbe wa pili ulipojitokeza shingoni hadi siku aliyopandikiziwa seli shina, na miezi yote iliyofuata. Tangu hapo simu yangu haipoi. Wanaopiga ni mama wenye watoto wagonjwa, wake wanaouguza waume, vijana wanaomuuguza baba, na maswali yao yanafanana sana. Mimi si daktari. Haya ni yale niliyoelezwa na madaktari, nikayasoma, kisha nikayaona kwa macho. Daktari anayekutibu anaujua mwili wako, kwa hiyo neno lake ndilo la kufuata.

Watampasua mgongo?

Hapana. Hakuna kisu kabisa. Seli shina huingizwa mwilini kwa mpira wa dripu, kama mtu anayeongezwa damu, na kazi hiyo huisha ndani ya saa moja au mbili. Hofu ya mgongo inatokana na watu kuchanganya uboho na uti wa mgongo. Uboho ni ule ute ulio ndani ya mifupa, hasa ya nyonga na kifua, ambako damu yote hutengenezwa. Seli shina ndizo mama wa damu hiyo.

Jambo ambalo familia nyingi hazielezwi vizuri ni hili: mgonjwa akirudishiwa seli zake mwenyewe, kinachoua limfoma ni kemo kali (dawa za saratani) inayotangulia. Seli hazina kazi ya kuua. Kemo ya kawaida hupimwa kwa kiasi ambacho uboho unaweza kustahimili. Limfoma iliyorudi inahitaji dozi kubwa kuliko hiyo, lakini dozi hiyo huunguza uboho, na asiye na uboho hana damu wala kinga. Mkulima anayetaka kuchoma shamba lililomezwa na magugu hutoa mbegu kwanza, akazihifadhi ghalani. Moto ukishapita, anazirudisha mbegu udongoni.

Kila mwenye limfoma anahitaji hili?

Hahitaji. Wagonjwa wengi wa Hodgkin hupona kwa kemo ya kwanza, na katika limfoma kali inayoongoza kwa wingi kati ya zisizo za Hodgkin, takribani watu 6 katika 10 hupona kwa dawa za mwanzo. Upandikizaji hufikiriwa zaidi pale ugonjwa uliporudi, au pale kemo ya kwanza iliposhindwa kuumaliza. Kuna aina chache, kama limfoma ya seli za manto na baadhi ya zile za seli T (aina ya chembe za kinga), ambazo daktari anaweza kuupendekeza mapema.

Kuhusu limfoma ya Burkitt, ile iliyoelezwa na daktari Denis Burkitt mwaka 1958 alipokuwa Kampala, na ambayo hapa kwetu huvimbisha taya za watoto: hiyo hukua haraka sana lakini pia huyeyuka haraka kwa kemo. Mtoto mwenye Burkitt anahitaji kemo yake ianze wiki hii hii. Familia isipoteze muda kutafuta upandikizaji.

Tutajuaje kama utamsaidia mgonjwa wetu?

Hili ndilo swali ninalotamani kila mtu aanze nalo, na wengi hulifikia mwisho, wakati pesa zimeshachangwa.

Jibu lake ni moja: je, limfoma bado inaitikia dawa? Kabla ya kupandikizwa, mgonjwa hupewa kemo ya uokozi, mizunguko miwili au mitatu ya dawa tofauti na zile za kwanza. Kisha anapimwa. Uvimbe ukiwa umeyeyuka, au umebaki kidogo sana, njia iko wazi. Ukiwa umekaa vilevile au umeongezeka, kemo kubwa zaidi ya jamii hiyo hiyo haitarajiwi kufanya maajabu.

Ushahidi wa jambo hili ni wa zamani na ni imara. Mwaka 1995 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 109 waliorudiwa na limfoma kali isiyo ya Hodgkin, wote wakiwa bado wanaitikia kemo. Nusu waliendelea na kemo peke yake, nusu wakapewa kemo kali na kurudishiwa uboho wao. Baada ya miaka mitano, asilimia 46 ya waliopandikizwa walikuwa bado hawajarudiwa na ugonjwa, dhidi ya asilimia 12 ya wale wengine. Tazama masharti ya utafiti huo: walioingia katika mgao ni wale tu ambao dawa zilikuwa bado zinawakubali. Kwa Hodgkin iliyorudi, takribani nusu ya wanaopandikizwa wakiwa katika hali hiyo hupona.

Kipimo kinachoonyesha hali hiyo vizuri kuliko vyote ni PET. Mgonjwa huchomwa sukari yenye mionzi kidogo, na seli za limfoma, kwa sababu ya uroho wao wa sukari, hung'aa kwenye picha. Kinapatikana katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, na pia katika hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Lakini kwetu kuna mtego: kifua kikuu cha tezi nacho hung'aa kwenye picha hiyo. Watu wengi niliowasikiliza walianza kwa miezi ya dawa za kifua kikuu kabla ya limfoma kugunduliwa, na kinyume chake pia hutokea. Kwa hiyo daktari akisema uvimbe uliorudi ukatwe kipande upimwe upya, msimkatalie.

Familia moja niliyoifahamu iliuza kipande cha shamba, ikakata tiketi, ikasafiri. Walipofika huko picha zikarudiwa na ikaonekana uvimbe ulikuwa umeongezeka. Pesa ya upandikizaji ikaishia kwenye kemo ya uokozi ambayo ingeweza kutolewa hapa hapa Nairobi, mgonjwa akilala kwake. Niliumia, kwa sababu hakuna aliyewadanganya. Walikosa tu mtu wa kuwapangia hatua. Basi tafadhali: bayopsi (kile kipande cha uvimbe kinachokatwa na kupimwa), kemo ya uokozi, PET, halafu ndipo kikao cha shamba.

Seli zitatoka kwake mwenyewe au kwa ndugu?

Kwa limfoma, mara nyingi hutoka kwake mwenyewe. Hilo huondoa shida ya kulingana, na mwili haukatai kilicho chake.

Seli za mtu mwingine hutumika mara chache zaidi, hasa pale ugonjwa uliporudi hata baada ya upandikizaji wa kwanza. Hapo mbegu nazo zina kazi: kinga ya ndugu huweza kuitambua limfoma na kuishambulia. Kinga hiyo hiyo huweza pia kushambulia ngozi, ini na utumbo wa mgonjwa, ndiyo sababu njia hii ina hatari kubwa zaidi na dawa zake ni za muda mrefu. Kila ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi 1 katika 4 ya kulingana kikamilifu. Wazazi na watoto hulingana nusu, na siku hizi hata nusu hutosha kwa msaada wa dawa inayotolewa siku chache baada ya seli kuingia.

Mambo mawili ya kifamilia. Kwanza, ikiwa kuna uwezekano wa ndugu kutoa seli, wasimtolee mgonjwa damu ya kawaida, kwani mwili wake huweza kujenga kinga dhidi yao. Watafutwe marafiki na waumini wenzake. Pili, vipimo vya kulinganisha ndugu huweza kufichua kwamba mtoto si wa baba anayedhaniwa. Nimeona ukimya wa ghafla kwenye kikao cha familia kwa sababu hiyo. Mwombeni daktari mapema kwamba majibu ya kila mtu apewe mwenyewe, faraghani.

Seli zinatolewaje?

Kwa siku nne au tano mgonjwa huchomwa sindano ya kuchochea uboho, hadi seli shina zinafurika na kumwagikia kwenye damu. Mifupa huuma, hasa kiuno na kifua. Mdogo wangu alisema ni kama mifupa inataka kupumua. Kisha anaunganishwa na mashine inayotoa damu mkono mmoja, kuchuja seli zinazohitajika, na kurudisha iliyobaki. Hukaa hapo saa nne hadi sita, na pengine kurudi kesho yake. Midomo ikianza kufa ganzi aseme, maana dawa inayozuia damu isigande ndani ya mashine hupunguza kalsiamu mwilini na hutibika papo hapo.

Kiwango cha chini kinachohitajika ni seli milioni 2 kwa kila kilo ya uzito wake. Waliopewa kemo nyingi huweza kushindwa kukifikia, na hapo huongezwa dawa ya pili ya kuzisukuma. Zikitosha, hugandishwa katika naitrojeni ya maji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri.

Siku zile za hospitali zikoje?

Ni ngumu. Sitaki kumfariji mtu kwa uongo.

Kemo kali huchukua karibu wiki moja, na kwa limfoma mara nyingi ni mchanganyiko wa dawa nne unaoitwa BEAM. Mgonjwa hutapika, huchoka, lakini siku hizo bado anaongea na kutazama simu. Baada ya mapumziko mafupi inafika siku ambayo wauguzi huiita siku sifuri. Mfuko wa seli huyeyushwa kando ya kitanda na kutundikwa. Chumba chote hunuka kitunguu saumu au mahindi ya kopo kwa sababu ya dawa iliyozilinda seli kwenye baridi, na mgonjwa huendelea kunuka hivyo hadi kesho yake. Mama yetu alikuwa ametarajia mitambo mikubwa na madaktari kumi. Alipoona ni kijifuko tu kama cha damu, aliuliza mara mbili kama kweli ndicho hicho.

Siku mbaya zaidi huja baada ya hapo, tangu siku ya tano hadi ya kumi na mbili hivi. Chembe nyeupe huwa karibu hazipo. Mdomo na koo huchubuka hadi kumeza mate kunakuwa kazi. Kufyonza barafu wakati dawa ya melfalani inaingia hupunguza vidonda hivyo, basi ulizeni kama inawezekana. Homa huja kwa karibu kila mtu, na dawa za kuua vijidudu huanzishwa ndani ya saa ile ile. Anaongezwa damu na chembe za kugandisha damu. Mgonjwa huweza kuwa mkali kwa wanaompenda au akageukia ukuta asiongee. Msimlaumu, na msimlazimishe kula.

Halafu asubuhi moja, kwa kawaida kati ya siku ya 10 na ya 14, muuguzi anakuja na karatasi ya maabara. Chembe nyeupe zimeonekana. Zikipita 500 kwa siku tatu mfululizo, mbegu zimeota. Tuliwapigia simu wa nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwa saa za Nairobi, na hakuna aliyerudi kulala.

Mtu anaweza kufa?

Anaweza. Kwa wanaorudishiwa seli zao katika kituo chenye uzoefu, wanaofariki kutokana na matibabu yenyewe ni wachache, chini ya watu 5 katika 100. Kwa seli za mtu mwingine idadi ni kubwa zaidi. Umri, moyo, mapafu, figo na ini huangaliwa kabla, na daktari akikataa kumpandikiza mtu mwenye moyo dhaifu, anamwokoa na kifo cha mapema.

Ana virusi vya UKIMWI. Ndiyo basi?

Sivyo. VVU huongeza uwezekano wa kupata limfoma, kwa hiyo swali hili tunalipata mara kwa mara, na wengi huuliza kwa kunong'ona. Utafiti uliofanywa Marekani na kutangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wenye VVU wanaotumia dawa zao vizuri walifanya vyema karibu sawa na wengine baada ya kurudishiwa seli zao. Daktari anaweza kumbadilishia baadhi ya dawa za VVU zinazogongana na kemo. Asiache kuzimeza kwa siri akidhani anaisaidia kemo.

Ataweza kupata watoto baadaye?

Mara nyingi hapana, au kwa shida kubwa. Kijana wa kiume anaweza kuhifadhi mbegu zake kabla ya kemo ya uokozi, jambo la siku moja au mbili. Kwa mwanamke kuhifadhi mayai huchukua muda zaidi, na ugonjwa hausubiri kila wakati. Madaktari wenye shughuli nyingi husahau kulitaja jambo hili, na wazazi huona aibu kuliuliza mbele ya kijana wao. Ulizeni ninyi.

Inafanyika hapa Nairobi, au ni lazima twende India?

Kwa miaka mingi Wakenya wengi wamekwenda India. Afrika Mashariki inasogea: Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma ilianza kuwapandikiza uboho watoto wenye selimundu mwaka 2023. Mwulizeni daktari wenu wa damu ni nini kinachowezekana hapa mwaka huu, kwa aina hii ya limfoma, na kituo kimefanya wangapi. Hata mkisafiri, vipimo, kemo ya uokozi na ufuatiliaji wa miaka ijayo vitakuwa hapa, kwa hiyo msiondoke kwa daktari wenu bila kumuaga.

Kwa safari, daktari huandika rufaa na kibali cha matibabu ya nje huombwa kwa baraza la madaktari, KMPDC. Mgonjwa huomba viza ya matibabu, na wauguzaji hadi wawili huomba yao. Bebeni vipande vya bayopsi vyenyewe, vile vilivyohifadhiwa kwenye nta, kwa kuwa huko watataka kuvisoma upya.

Na hapa nasisitiza. India hudai cheti cha homa ya manjano kwa watokao Kenya. Chanjo hiyo ina kirusi hai kilichodhoofishwa, na mgonjwa wa limfoma aliye kwenye kemo hapaswi kuchomwa. Anahitaji cheti cha daktari cha kumwondolea sharti hilo, na ubalozi uulizwe mapema jinsi utakavyokipokea. Wauguzaji wenye afya wachanjwe angalau siku 10 kabla ya kusafiri.

SHA italipa?

SHA, bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya bima ya zamani, NHIF, Oktoba 2024, na matibabu ya saratani yana kikomo cha mwaka kwa kila familia. Kemo ya uokozi huweza kula sehemu kubwa ya kikomo hicho, kwa hiyo ulizeni salio kabla ya kila mzunguko. Mkipewa makadirio na hospitali ya nje, hesabuni na yale yasiyoandikwa: nyumba ya kupanga karibu na hospitali kwa wiki kadhaa baada ya kuruhusiwa, chakula cha wauguzaji, damu ya ziada, na siku za kitanda zitakazoongezeka homa isipotulia. Harambee nyingi hupangwa kwa bei ya kwanza iliyotajwa, na paybill (namba ya kuchangia kwa simu) hukauka wiki ile ambayo mgonjwa anaihitaji zaidi.

Tumeuziwa unga wa seli shina kwenye vipakiti. Je, ni kitu kile kile?

Hapana, hata kidogo. Unga wa kukoroga na maji, hata ukiandikwa umetoka kwa tufaha au zabibu, hauwezi kuwa seli ya damu ya binadamu. Tumbo huumeng'enya kama chakula kingine chochote. Nimekaa na mama aliyesimamisha kemo ya binti yake miezi miwili kwa ajili ya vipakiti hivyo, na uvimbe uliokuwa wa kuyeyuka ukawa haushikiki tena. Anayewauzia huenda ni jirani au mtu wa kanisani anayeamini anachosema. Mwambieni hapana kwa upole, na pesa iende kwenye PET. Miti shamba nayo ielezwe kwa daktari, maana baadhi huchosha ini lile lile linalochakata kemo.

Akirudi nyumbani tumtunzeje?

Kinga yake ni kama ya mtoto mchanga. Chakula kipikwe kiive na kiliwe kikiwa moto. Kachumbari ya kibandani, maziwa yasiyochemshwa, mayai mabichi na nyama ya kuchoma yenye damu vingoje. Matunda ya kumenya, yakioshwa, hayana shida. Kuku wasiingie ndani, na asifagie banda wala kuchimba shamba, kwa sababu vumbi la udongo na kinyesi lina ukungu unaoingia mapafuni. Jirani akibomoa ukuta, mfungieni madirisha. Matatu ya saa kumi na mbili jioni si mahali pake kwa miezi ya mwanzo. Nairobi iko juu na malaria ni chache, lakini akitaka kwenda Kisumu au Mombasa, azungumze na daktari na alale ndani ya neti.

Atapewa septrini na dawa ya kuzuia mkanda wa jeshi kwa miezi mingi. Azimeze hata akijiona mzima. Chanjo za utotoni hufutika, na huanza kurudiwa kuanzia miezi 6 hadi 12. Zile hai, kama ya surua na ya homa ya manjano, husubiri angalau miaka 2. Homa ya nyuzi 38 ni dharura, hata saa nane usiku. Msimpe panadol mkasubiri kupambazuke.

Wageni watamiminika, na kumzuia shangazi mlangoni ni jambo zito kwetu. Sisi tuliweka viti uani, mgonjwa akakaa karibu na dirisha, wakaongea na kuomba pamoja hivyo hivyo.

Limfoma ikirudi hata baada ya hapo?

Kuna njia bado, ingawa ni nyembamba zaidi: dawa za kingamwili, dawa zinazoiamsha kinga, seli za ndugu, na tiba ya CAR-T, ambayo huchukua seli T za mgonjwa na kuzifundisha maabara kuitambua limfoma. Marekani iliidhinisha CAR-T kwa limfoma mwaka 2017, na katika nchi zenye uwezo sasa hutolewa kabla ya upandikizaji kwa baadhi ya wagonjwa. Gharama yake bado iko mbali mno na wengi wetu. Wakati mwingine pia uamuzi ni kupunguza maumivu na kukaa na watu wake, na familia inayochagua hivyo haijamtupa mtu.

Atarudi kazini lini?

Wengi waliorudishiwa seli zao huanza kazi nyepesi baada ya miezi mitatu hadi sita. Uchovu hukaa kuliko nywele, ambazo huota mapema. Mdogo wangu ni fundi wa magari, na alianza kwa saa mbili kwa siku, akikaa kwenye kiti na kuwaelekeza wenzake. Mwezi wa saba alilala chini ya gari kwa mara ya kwanza, akanipigia simu akiwa huko huko chini.